Gadise Aliyengoja Mlangoni

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla basi la wanariadha halijapiga honi barabarani, Gadise Hunde alikuwa ameshaketi kwenye kigoda nyuma ya geti la bati, koti juu ya nguo za mazoezi, akiwangoja watu wa kupima mkojo wa wanariadha, wanaotafuta dawa za kuongeza nguvu. Baridi ya milimani Sululta haina huruma na mtu, na angeweza kulala zaidi. Lakini sheria ilimtaka ataje muda ambao angepatikana nyumbani kila siku bila kukosa, na akautaja huo, maana baadaye angekuwa msituni hadi karibu adhuhuri. Wapimaji hawakuja hata siku moja. Naye akajivunia moyoni kwamba hakuna mwanariadha mwaminifu kama yeye.

Fomu ya kutajia muda huo alijaziwa na kaka yake, Tolosa, kwenye simu. Kule kwao Arsi baba yao aliweza kumsomesha mmoja tu. Tolosa akapewa daftari, Gadise akapewa kondoo na kazi ya kumpelekea kaka chakula shuleni, ng'ambo ya mito miwili. Kocha Mengesha alimwona siku moja akirudi mbio na kikapu kitupu, akauliza huyu ni mtoto wa nani. Kila alichokipata Gadise kilianzia hapo. Alishinda Uturuki, akawa wa tatu Korea, akamjengea mama yake nyumba. Kisha akajifungua, nyonga ikamtesa miaka mitatu, watu wakasema kwisha habari yake. Akiwa na miaka thelathini na minne akarudi na kuchaguliwa timu ya taifa ya marathoni, kwa mara ya kwanza. Mwili wake ulikuwa umebakiza mbio hiyo moja kubwa, na yeye alijua.

Siku moja jirani yake, Mama Worke, alikuwa anaanika pilipili uani Gadise aliporudi na matope miguuni.

"Kuna watu wawili walikuja na begi," Mama Worke alisema. "Wamegonga hadi mbwa wako kachoka kubweka."

"Saa ngapi?"

"Saa tano hivi. Nikawaambia yuko msituni, kwani kazi yake nini?"

"Watakuwa watu wa umeme."

"Watu wa umeme gani wenye viatu safi vile?"

Wakacheka, yakaisha. Baadaye ikaja barua kwenye simu, kwa lugha ya kigeni, na msomaji alikuwa Tolosa.

"Wanasema walikuja hukuwepo."

"Nilikuwepo, kaka. Nilikaa pale mpaka makalio yakaganda."

"Ndivyo nitakavyowajibu. Wavivu hao, wamelala hotelini wakaandika uongo."

Barua ya pili ilipokuja Tolosa alijibu hivyo hivyo, kwa ukali zaidi. Ya tatu haikuuliza kitu: kukosekana mara tatu ni kosa, ilisema, aende akajieleze. Zilikuwa zimebaki wiki tatu timu isafiri.

Ofisini kwa chama cha riadha, karani alifungua fomu na kuwageuzia kioo cha kompyuta.

"Hapa mmeandika kumi na moja."

"Ndiyo, kumi na moja," Tolosa alisema. "Alfajiri."

Karani alitikisa kichwa. "Kaka yangu, umeandika kwa saa yetu. Kwa saa yao wageni, wanaohesabu tangu usiku wa manane, hiyo ni saa tano yetu ya asubuhi."

Tolosa, msomi wa familia, alikisogelea kioo akasoma tena. Gadise hakumtazama.

"Basi turekebishe," alisema. "Tuandike upya sasa hivi."

Karani akaifunga fomu. Wakubwa wa chama walikuja kusikiliza shauri, wakakiri kwamba kosa linaeleweka, kisha wakasema mwanariadha anawajibika kwa fomu yake hata kama imejazwa na mwingine. Wakamfungia miaka miwili. Inatia uchungu mpaka leo. Hakuna aliyemkuta na kitu mwilini, lakini gazeti lilichapa jina lake karibu na neno dawa, na watu mtaani hawakusoma zaidi ya hapo.

Sheria ilimkataza pia kufanya mazoezi na wenzake. Akawa anakimbia peke yake na fimbo ya kufukuzia mbwa, na kundi likitokea analiachia njia, anageukia miti. Tolosa alikuja siku ya sikukuu, akasimama mlangoni.

"Nitukane basi, dada. Nipige hata kofi."

"Ingia ule," Gadise alisema. "Injera inapoa."

Alikula akilia, na Gadise akamwongezea mchuzi. Hakuweza kumsamehe na hakuweza kumfukuza, na vyote viwili vilimchosha kuliko mbio.

Adhabu ilipokwisha Kocha Mengesha alimwita uwanjani ampime kasi mwenyewe. Huyu ni mzee wa kupayuka sekunde kila mzunguko, na wanariadha wake hujua hali zao kwa matusi yake. Siku hiyo Gadise alizunguka na kuzunguka, asisikie neno. Alipomaliza, ameshika magoti, mzee alikuwa ameshatia saa mfukoni.

"Umekimbia vizuri, mwanangu."

"Muda, kocha."

"Kavae koti, kuna baridi."

Tangu amchukue Arsi mzee hakuwahi kumwambia amekimbia vizuri; matusi aliwawekea wenye mbio bado miguuni. Gadise akaenda akavaa koti.