Magurudumu ya Nyanya

Mdomo wangu ndio ulioleta balaa. Nyanya, ambaye macho yake yamefifia, alininong'oneza kwamba anaona magurudumu yakizunguka ukutani, akaniapisha nisiseme. Huku kwetu Nyamira mwanamke mzee anayeona vitu hachelewi kuitwa mchawi. Nami kwa kutafuta kicheko nikawaambia binamu zangu kwamba nyanya ana televisheni isiyohitaji stima. Kufikia Sabato, shangazi alikuwa sebuleni na kina mama wawili wa maombi.

"Tunamhamisha," alisema. "Nyumba hii ina kitu."

Vidole vya nyanya vilichezea ukingo wa leso. Nyumba ni yake, shamba la chai ni lake. Mimi sikuweza kukaa. Niliingia, nikatoka, nikaingia tena.

Mwalimu wa hesabu alikuwa ametueleza: macho yakikosa cha kutuma, ubongo hujiwasha wenyewe kwa mistari, kama safu za majani chai. Lakini ramani ya jicho iliyo ndani ya ubongo imevutwa ikapinda. Ukiirudisha mistari kwenye jicho, ya wima inageuka duara, ya kulala inakuwa miale, ya kuinama inajikunja kama konokono. Siku hiyo nilimchora mwalimu akiwa na kichwa cha konokono. Sasa nilirarua karatasi, nikakokotoa mbio mbio.

"Hesabu siku ya Sabato!" mama mmoja akaguna.

Nilichora maumbo matatu, nikakunja, nikampa shangazi. "Usifungue bado." Nikamsogezea nyanya ungo wa unga wa wimbi. "Chora unachoona."

Akachora kwa kidole. Duara ndani ya duara. Miale. Konokono.

Shangazi akafungua karatasi. "Mmepanga! Wewe ni mtu wa mchezo tangu uzaliwe."

"Ningepanga, shangazi, ningechora pepo mwenye pembe."

Hakuna aliyecheka. Kisha yule mama aliyeguna akainama juu ya ungo. "Mimi huona kitu kama hiki," akasema polepole, "kichwa kikinipasuka."

Na yeye ndiye kiongozi wa maombi. Shangazi akakohoa. "Basi Jumatatu tumpeleke Kisii, kwa daktari wa macho."

Walipoondoka nyanya alinivuta sikio, akaninong'oneza. "Kuna watoto pia. Wadogo, wamevaa sare."

Nilitazama karatasi. Mstari gani unageuka mtoto?

"Wanafanya nini?"

"Wanachuma chai yangu," akasema kwa hasira. "Wanachuma mpaka majani yaliyokomaa, yasiyofaa kuchumwa."

Sijamwambia mtu. Hata binamu zangu.