Sahani ya Mama Ngoie

Harufu ya nyama ya mbuzi ikichemka na kitunguu ndiyo inayonilisha. Nina malewa yangu, mkahawa mdogo, hapa Kolwezi, meza tano, sufuria nane, na sikubebwa na mtu. Shule niliiachia mwaka wa nne. Lakini harufu hiyohiyo, kuna siku inanifukuza jikoni. Juzi mteja wangu mmoja, Mkorea wa kule migodini, aliwaona wasichana wangu wa jikoni wamenuniana bila kusema kisa, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Mama, kwetu banasema nyama utamu yake ni kutafuna, neno utamu yake ni kusema." Wasichana wakacheka. Mimi niliweka mwiko chini, nikatoka nje.

Nilikuwa na miaka tisa fujo ilipoanza. Sisi ni watu wa Kasai. Babu aliletwa hapa Katanga kuchimba shaba, baba alizaliwa hapa, mimi nilizaliwa hapa, na ghafla wenyeji wakatuita bilulu, wadudu, tukaambiwa turudi kwetu. Kwetu wapi, mimi ambaye Kasai sikuijua hata kwa picha? Baba akafukuzwa kazi. Watu wetu walibeba magodoro wakaenda kulala kituoni, kungoja treni isiyokuja.

Jirani yetu Mama Ngoie alikuwa Mkatanga. Yeye na mama walikuwa na sahani moja ya bati, yenye maua ya buluu: leo inakuja kwetu na chakula, kesho inarudi kwake na kitu, maana sahani ya mtu hairudi tupu. Fujo ilipozidi waliacha kusalimiana, kwa sababu vijana walichunguza nani anaongea na Bakasai. Sahani tu ndiyo iliendelea kupita, na mbebaji nilikuwa mimi.

Siku moja aliijaza nyama ya mbuzi, akainama sikioni kwangu.

"Ambia mama yako aniletee Ilunga. Mi ntasema ni mutoto wangu. Fujo ikiisha, atakuja kumuchukua. Umesikia, mama?"

Ilunga alikuwa mdogo wangu, hajaanza kutembea, mgongo wangu ndio ulikuwa kitanda chake. Jina lake ni la Katanga na la Kasai pia; nani angeuliza?

Nilisikia. Ila nilichosikia ni kwamba anamtaka mtoto wetu. Nikajificha nyuma ya choo, nikala vipande viwili, mashavu yamejaa, nikiwaza. Nyumbani mama akauliza, "Amesema nini?"

"Hapana kitu."

"Hata pole?"

"Hata."

Kesho yake mama alikung'uta mfuko wa unga, akaweka kidogo kwenye sahani, nikairudisha. Mama Ngoie akautazama unga, akautazama mgongo wangu usio na mtoto. "Sawa," alisema, akafunga mlango.

Wiki ileile tulihamia kituoni. Mvua, matope, maji ya kunywa yenye rangi ya chai. Ilunga aliharisha siku tatu. Baba alimzika kando ya reli kwa jembe la kuazima, na treni ilikuwa bado haijaja.

Mama hakulia kwa sauti. Alisema: "Miaka yote tunakula pamoja, na hata neno moja hakunitupia." Alilirudia hilo kule Kasai, treni ilikotufikisha hatimaye, mpaka anakufa, mimi nimekaa pembeni ya kitanda, mtu mzima mwenye watoto, namlisha uji.

Niliporudi Kolwezi nilimkuta Mama Ngoie amezeeka, macho yamefifia. Nikawa nampelekea chakula. Siku moja akanishika mkono: "Mama yako aliona mi sifai kulea mutoto wake?"

"Sijui, mama," nilijibu. Naye ameshakufa.

Utotoni niliamini jambo lisiposemwa halitokei. Nilidhani namwokoa ndugu yangu. Nyama niliitafuna, neno nikalimeza. Leo ndiyo nalitoa, nawapa ninyi ambao hamkumbeba Ilunga mgongoni. Wale wawili ambao neno hilo lilikuwa lao wako chini ya udongo.