Siku Saba za Kimya

Juzi juzi tuliitwa shuleni kwetu, sisi wanafunzi wa zamani, tukaone bwalo linavyopasuka kuta. Tulikaa juu ya yale majabali yanayotazama ziwa, tukala kwa mikono sato wa kukaanga, tukacheka sana. Tulicheka viboko, tulicheka uji wenye wadudu, tulimcheka mwalimu wa jiografia aliyekuwa akisinzia amesimama. Kisha mmoja wetu, ambaye siku hizi ni bosi mwenye kitambi na dereva, akasema, "Jamani, mnakumbuka kimya?" Wote wakaangua kicheko. Mimi nikainuka kwenda kunawa mikono, ingawa nilikuwa nimeshanawa.

Ngoja nikueleze vizuri, maana wewe hukusoma kwetu.

Shule yetu iko kaskazini mwa mji, upande wa Ilemela, imebanwa kati ya mawe na maji. Waingereza waliijenga kwa ajili ya watoto wa watemi, wakaijaza desturi za shule zao za kwao. Walipoondoka, serikali ikaichukua, na watoto wa watemi wakawapisha watoto wa wakulima wa pamba, wavuvi na makarani, alimradi uwe umefaulu kuliko wenzako wote wa wilayani. Desturi zenyewe hazikuondoka na wenyewe. Tulivaa tai kwenye jua la saa saba. Majani ya mbele ya bwalo yalikanyagwa na kidato cha nne peke yao. Kabla ya kula, kaka mkuu alisoma sala ya Kilatini ambayo hata padri wa Jumapili alikiri kwamba haielewi vizuri. Na Jumapili hiyo hiyo, usicheke, tulikula ugali kwa kisu na uma.

Nilifika pale miaka ile nchi ilipokuwa inafungua milango ya biashara. Mjini kila siku kulikuwa na jambo jipya: mitumba iliyopangwa hadi barabarani, sabuni za kila rangi, redio za kaseti zikishindana kelele. Mwalimu wa hesabu alifungua duka, na kuna vipindi tulijifundisha wenyewe. Vilipokuja viwanda vya minofu, sangara alitoweka kwenye sahani zetu, yakaja mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kukatwa. Mpishi wetu, mzee wa Kisukuma kutoka Usagara, alikuwa akitupakulia huku akisema, "Nyama imepanda ndege, wanangu. Kuleni mgongo." Na ufukweni, pale tulipofulia, gugumaji lilianza kuingia, asubuhi moja kipande, wiki iliyofuata limefunika ghuba nzima. Ninavyoona sasa, kadiri mambo ya nje yalivyoyumba ndivyo sisi tulivyozishika zile desturi kwa meno. Hatukuwa na kitu kingine cha kutufanya tujione bora.

Nililala kitanda cha chini. Kitanda cha juu yangu alilala mvulana wa Ukerewe, na kwa sababu hiyo mimi nilimwita Wa Juu, yeye akaniita Wa Chini, hadi majina yetu halisi yakawa ya walimu tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea kati ya mawe, akinishika tumbo kwa mkono mmoja na kunisema kwa maneno mia. Alikuwa msemaji, Mungu wangu. Taa zikizimwa alikuwa bado anaongea. Habari zake nyingi zilikuwa za baba yake, mvuvi, aliyemlea peke yake baada ya mama yake kufariki. Mzee huyo alijifunza kuandika ukubwani ili amwandikie mwanawe barua. Zilikuwa za mistari minne au mitano, herufi zote kubwa, na Wa Juu alinisomea kila moja kwa sauti ya baba yake. Nilimjua mzee yule kwa sauti ya mwanawe kabla sijawahi kumwona, na sikuja kumwona.

Sasa, kimya. Mwanafunzi akilisaliti bweni lake, hakupigwa wala hakusemwa kwa walimu. Bweni lilikaa kikao, kiranja wa bweni akatamka idadi ya siku, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mtu huyo, wala kwa mdomo, wala kwa karatasi, wala kwa ishara. Chumvi ikiwa mbele yako na yeye anaitaka, aizunguke meza aifuate. Mwenye uwezo wa kumfungulia ni kiranja wa bweni peke yake. Na atakayevunja kimya anakirithi, tena mara mbili. Walimu walikijua. Wengine walikipitia wao wenyewe pale pale, na walitusimulia kwa fahari.

Kosa la Wa Juu lilikuwa dogo. Kila Jumatatu kulikuwa na ukaguzi, na bweni safi kuliko yote lilipewa kombe la wiki. Sisi tulilishikilia muhula mzima. Jumatatu moja mwalimu wa zamu akainama chini ya kitanda cha kiranja, akaridhika, akauliza nani amepafagia. Jibu la desturi lilikuwa kwamba kila mtu amefagia pake. Wa Juu akasema, "Mimi, mwalimu. Huwa tunawafagilia." Nadhani alidhani anajipatia sifa. Kidato cha nne, akiwemo kiranja wetu, walikuwa wamekatazwa kutumikisha wadogo zao, kwa hiyo kombe likaenda bweni la jirani, na jioni ile Wa Juu akapewa siku saba. Mimi pia niliinua mkono kukubali. Tuliinua wote.

Siku za mwanzo alifanya mzaha, akijisemesha mwenyewe na kujijibu. Kufikia Alhamisi alikuwa ameacha. Nililala chini yake nikisikia anavyojigeuza, nikihesabu siku kwa ajili yake, na nikijipongeza kwamba nikikunja pembe ya godoro langu ili apate pa kukanyaga anapopanda, hilo si kusema naye.

Jumamosi nilikuwa na zamu ya getini. Wageni waliruhusiwa Jumapili tu. Siku nyingine mtu aliacha ujumbe kwa mwanafunzi wa zamu, naye akaufikisha. Kama saa tano hivi akaja mwanamume aliyevaa koti la mvua juani, miguu ina magamba ya samaki. Nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni baba mdogo wa yule kijana wenu wa Ukerewe." Akamtaja jina. "Mwambie baba yake amezidiwa, anamwita. Mtumbwi wetu uko mwaloni, pale wanaposhusha samaki, tunapakia barafu, saa nane tunaondoka. Aje hivyo hivyo alivyo, asihangaike na nguo. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Nilisema hivyo kabisa. Akanishukuru, akanishika kichwa, akaenda zake.

Niliyoyafanya baada ya hapo nimeyapitia mara nyingi, na bado siyapendi. Nilikwenda kumtafuta kiranja wa bweni anifungulie kimya. Nikaambiwa amekwenda Butimba na timu ya mpira, kucheza na chuo cha ualimu. Nikafikiria kumwambia mwalimu wa zamu, lakini mwalimu wa zamu alikuwa mjini kwa shughuli zake, na hata angekuwepo, kupeleka habari za bweni kwa mwalimu ndilo lilikuwa kosa lenyewe. Nikashuka ufukweni. Wa Juu alikuwa anafua shati, amesukuma gugumaji kwa mguu kupata maji meupe. Nikasimama hatua mbili kutoka kwake. Aliinua macho akanitazama, akangoja. Alijua nina jambo. Mimi nikachota maji kwa kopo nikanawa uso, nikapanda kurudi.

Niliogopa siku kumi na nne. Hiyo ndiyo kweli, sina nyingine nzuri zaidi. Nilijiambia kwamba kuzidiwa si kufa. Nilijiambia lori lililobeba timu litarudi saa saba na nusu, kiranja atanifungulia, Wa Juu atakimbia, atawahi. Nikakaa getini nikitazama barabara na vumbi la kila gari. Saa nane ikagonga nikiwa nimekaa pale pale.

Lori lilirudi saa kumi, watu wanaimba, tumeshinda. Nilimvuta kiranja pembeni nikamweleza, nikamwomba ruhusa. Alinitazama kama vile hanijui.

"Unaniuliza mimi jambo kama hili?" akasema. "Baba wa mtu anaumwa, unaniuliza mimi? Si ungemwambia tu, mjinga wewe!"

Akakimbia yeye mwenyewe kumwambia. Wa Juu alitoka na shati bichi mgongoni, akakimbia njia nzima hadi mwaloni. Tulimfuata wengine kwa nyuma. Palikuwa na vipande vya barafu vinayeyuka mchangani, basi.

Aliondoka kesho yake kwa meli. Baba yake alikuwa amekufa Jumamosi ile ile, jua linazama.

Aliporudi baada ya wiki mbili, bweni zima lilisimama kumpa pole, na kiranja akatangaza kwamba kimya kimefutwa. Wa Juu alisema asante. Darasani aliwajibu walimu, na ukimkanyaga alisema samahani. Zaidi ya hapo hakusema na mtu wa bweni letu. Hakununa wala hakulalamika. Muhula uliofuata nilimwandikia barua ya kumwomba msamaha nikaiweka chini ya mto wake, nikaikuta juu ya kitanda changu imekunjwa vile vile. Jumamosi ile zilikuwa zimebaki siku mbili tu za kile kimya chetu. Yeye alikiendeleza mwaka mzima na nusu.

Siku tuliyomaliza mtihani wa mwisho wa kidato cha nne alikuja getini nilipokuwa, na sanduku lake la bati kichwani. Nilimsaidia kulitua. Akasimama, akarekebisha tai, ile tai ambayo hakuna aliyemlazimisha tena kuivaa.

"Baba aliuliza mara tatu kama mtumbwi umefika," akasema. "Mara tatu zote walimwambia tuko njiani."

Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa kwa mwaka mzima na nusu. Badala yake nikainama kumwinulia sanduku. Akajitwisha sanduku akashuka barabarani, na tangu hapo sijui alipo.

Vyote hivyo vimekwenda. Shule sasa ni ya kutwa, wasichana kwa wavulana, wanapita juu ya majani yale wakipiga kelele, na hakuna anayejua Kilatini hata neno. Mpishi alifariki. Mabweni yamekuwa madarasa, na vitanda sijui vilipelekwa wapi. Nitakudanganya nikisema havinitii huzuni. Ninaikumbuka shule ile kwa mapenzi, kengele yake na mawe yake na ukelele wetu wa mpira, na mapenzi hayo yananitia aibu, maana nilipoketi na wenzangu kula sato nilikuwa nimecheka nao kuanzia mwanzo mpaka lilipotajwa lile neno.

Nyumbani kwangu wananijua kwa jambo moja. Mtu akipita mlangoni akiacha ujumbe wa kumfikishia jirani, hata uwe wa kuazima ungo, naacha chakula mezani, navaa ndala, natoka. Mke wangu huniuliza haraka ya nini. Namwambia kuna mtu anasubiri.