Nyama Iko na Pembe

Mnicheke tu, nimeshazoea, maana aibu niliyopata siku ile katika maktaba ya shule yetu hapa Bwera, kama ningeona shimo ningejifukia mwenyewe.

Siku hiyo mwenyekiti wa wazazi, afande mmoja wa kambi ya jeshi Kasese, alikuwa anakuja kuamua kama chumba kibaki maktaba au kiwekwe magunia ya mahindi (watoto hawasomi humo, alisema, wanasinzia). Nikaona nimwonyeshe mchezo: kila timu inapewa kadi yenye fumbo, inachagua rafu, inatafuta neno kwenye faharasa nyuma ya kitabu, inaleta kitabu mezani kikiwa wazi. Kadi ya mwisho jibu lake lilikuwa swala. Sasa mimi, kwa kiherehere changu cha kuwafurahisha watoto waliotoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, ambao mnyama wanamwita nyama, nikaandika kama wao: “Tafuta nyama iko na pembe, ulete kwa meza.” Herufi M moja tu nimeiacha.

Timu ya Kavira, msichana wa Butembo, ikaenda kwenye rafu. Timu ya Okello, mtoto wa kambini, ikatoka nje mbio, nami nikadhani wamebanwa na haja (tena nikamwambia afande hivyo, kwa tabasamu). Wakarudi na beseni, wakaliweka mbele yake. Ndani kichwa cha mbuzi, pembe zote mbili, macho yanamtazama mgeni, na nyuma ya watoto mpishi wa shule na mwiko wake, anauliza nani amemwibia supu ya wageni.

“Mwalimu, hii ni maktaba ama ni bucha?” afande akauliza.

Moyoni nikayaona magunia yanaingia mlangoni.

Kavira akaweka kitabu chake cha swala kando ya beseni na kumwambia Okello, “Kwetu nyama ni ile iko natembea mu pori. Hii yako ilishakufa.” Okello akabisha kwamba nyama ni ya kula, hata jeshi zima linajua, wakabishana, mpaka Kavira akasema, “Tuangalie mu diksionere,” na timu zote mbili zikaikimbilia kamusi bila mimi kutamka neno, vidole vikishuka kwenye N, wakaikuta nyama ya kula, halafu wakarudi kwenye M wakamkuta mnyama. Afande mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yao anachungulia.

“Mahindi itafute nyumba ingine,” akasema. “Hapa watoto wako kazini.”

Nilikaa chini, na ile supu nilikunywa bakuli zima.

Tangu hapo siandiki kadi bila kufungua kamusi kwanza, kisha namsomea mpishi. Watoto wananiita Mwalimu Pembe. Naitika, tena nikiwa ndani ya maktaba yangu.