Jini la Chuma na Mtu wa Maboksi

Mashujaa wa hadithi zangu hawakuwahi kuwa wana wa sultani. Mmoja alikuwa kinyozi mwenye mafua yasiyokwisha, aliyeshinda mazimwi kwa kuyapigia chafya usoni. Mwingine alikuwa mwanamke muuza mkaa. Aliingia nchi ya majini kwa kupotea njia, akatoka mbio kwa sababu alikuwa ameacha maharage jikoni. Tabia hiyo ilinianza utotoni. Bibi akisimulia mwana wa mfalme alivyopigana na joka, mimi nilitaka kujua ni nani aliyemfulia zile nguo zenye damu, na farasi alikula nini siku zote hizo pangoni. Bibi aliniambia nikalale. Mwalimu wa darasa la sita, nilipomjia na maswali ya aina hiyo, aliniambia niende nyumbani. Nikaenda, na sikurudi.

Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea mwisho, maswali yalikuwa yamenifikisha Guangzhou, Uchina. Nilikuja nikimbebea mizigo mfanyabiashara wa Kariakoo; yeye akarudi, mimi nikabaki, maana nilikuwa sijamaliza kuangalia. Nikapata kibarua cha kufunga marobota katika godauni moja nyuma ya masoko ya Liuhua. Wenzetu wenye mtaji mdogo walikuwa wakichangia kontena moja, na sheria yao ilikuwa fupi: aliyetangulia kufikisha mzigo ndiye anayetangulia kupakia. Sheria ya pili haikutamkwa ila wote waliifuata: usiondoke mpaka mlango ufungwe. Aliyekwenda kunywa chai alirudi akakuta robota lake limehamia nyuma, na hakuna aliyeliona likitembea. Kwa hiyo kutwa nzima watu walikaa juu ya mizigo yao kama kuku wanaoatamia, wakiangaliana vibaya. Hapo ndipo mimi nilipohitajika.

"Mzigo!" niliita.

"Haujapakiwa!" waliitika, na hadithi ikaanza.

Siku ninayoikumbuka zaidi ilikuwa Rajabu inakwisha. Kontena la Dar lilikuwa karibu kujaa. Kwenye foleni walibaki wawili. Wa kwanza alikuwa mtu wa Tanga, mwenye kipara na mzigo wa viatu vya kike, kila jozi ndani ya boksi lake linalong'aa. Nyuma yake alikuwa mama mmoja wa Dar, mnene, mwenye magoti mabovu, aliyeleta magauni ya watoto ya sikukuu. Kiwanda kilimchelewesha. Magauni hayo yakikosa kontena hili yangefika Idi imeshapita, na gauni la Idi baada ya Idi hata panya hulikanyaga akapita. Mtaji wake wote ulikuwa humo, kwenye marinda.

Laobani wa wapakiaji, yaani bosi wao, aliingiza kichwa kontenani, akatazama nafasi iliyobaki, akatazama maboksi ya viatu, akatazama marobota ya mama. Akatikisa mkono. "Mei you." Hakuna. Neno hilo tulilijua kabla hatujajua kuomba maji.

Kila mmoja aliona dawa ilipo. Viatu vikitolewa kwenye maboksi vinaingia kwenye magunia, na nusu ya nafasi inarudi. Lakini foleni ilikuwa ya mtu wa Tanga, na haki ni yake. Mama hakuomba. Aliketi juu ya robota lake akitazama ukuta, akivuta uradi.

"Usinitazame, bwana mdogo," mtu wa Tanga aliniambia, ingawa sikuwa nimesema kitu. "Mteja wangu hununua boksi. Kiatu ni zawadi iliyomo ndani."

Nikaita, "Mzigo!"

"Haujapakiwa!" Mama peke yake hakuitika.

Nikawaambia palikuwa na jini la chuma, refu, halina macho, lina kinywa tu. Hula mizigo na kuitapika ng'ambo ya bahari. Mbele ya kinywa alisimama mwanamke mwenye magoti mabovu.

"Usinitie kwenye mambo ya majini," mama alisema bila kugeuka. "Halafu magoti yangu yamekukosea nini?"

"Sasa buda, shujaa gani hawezi hata kukimbia?" aliuliza kijana wa Nairobi, aliyekuwa akilinda jeans zake kwenye foleni ya kontena la Mombasa.

"Huyu hakimbii. Anasubiri. Kwa sababu jini limeshiba hewa. Kuna mtu ameliletea hewa, ameifunga vizuri kwenye maboksi."

Godauni zima lilicheka. Mtu wa Tanga akasimama.

"Kwa hiyo mimi ndiye zimwi?"

"Sijasema, kaka. Hadithi haijafika huko."

"Ifike vizuri. Nifanye mimi shujaa."

"Shujaa yupo tayari."

"Wawe wawili! Nipe upanga."

"Upanga sina. Nina mkasi wa kukatia kamba."

"Mkasi! Basi nipe farasi."

"Atakula nini godauni humu?"

"Angalau nywele," alisema, akishika kipara. "Na binti wa mfalme."

Mama aligeuka kwa mara ya kwanza. "Mkeo nina namba yake, baba. Nimpigie nimwambie kuhusu binti wa mfalme?"

Kijana wa Nairobi alianguka kutoka juu ya jeans zake kwa kucheka. Mtu wa Tanga naye alijaribu kununa, ikashindikana. Alisimama kidogo akipangusa jasho, halafu akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya mwisho:

"Huyo mwenye kipara. Kwenye hadithi. Maboksi anayachana au anayakunja?"

"Anayakunja, kaka. Yanalala bapa chini ya gunia. Ng'ambo anayakunjua."

"Yatakuwa na makunyanzi."

"Hata wewe unayo," mama alisema, "na mkeo hajakurudisha dukani."

Mtu wa Tanga akanyoosha mkono, nikampa mkasi. Basi tukaanza, sote, hata wale waliokwisha kupakia, tukitoa viatu, tukikunja maboksi, tukivisukuma viatu kwenye magunia kama muhogo. Laobani alidhani tumerukwa na akili, akakaa kuvuta sigara. Mama, asiyeweza kuinama, alikaa akizifunga jozi kwa uzi, kulia na kushoto, akitugombeza tulipochanganya. Magauni yaliingia mwisho. Tuliufunga mlango kwa migongo, na laobani mwenyewe akaongeza mgongo wake.

"Halafu ikawaje?" mtu wa Tanga aliniuliza lori lilipoondoka.

"Sijui. Hadithi yenyewe iko njiani kwenda bandarini."

Ramadhani ilipokuwa katikati, tulikuwa tumejazana kwenye kibanda cha simu karibu na stesheni ya Guangzhou, mama akipiga kelele kwenye simu na binti yake wa Dar. Alisikiliza. Akafumba macho, akasema Alhamdulillahi, na bega lake likashuka kama mtu aliyetua ndoo.

"Yamefika," alitwambia, mkono juu ya simu. "Watoto wameshaanza kupimishwa."

Mtu wa Tanga alimsogelea. "Waambie aliyekunja maboksi ni nani. Waambie."

Mama alisema maneno fulani, akasikiliza tena, kwa muda.

"Wanasemaje?"

"Wanasema magauni ya njano ni machache."