Mwanarusi na Chatu wa Mumewe

"Yeye sakafu ya simiti, mimi udongo! Yeye mabati, mimi makuti yaliyooza! Haya niambie, Mwinyihaji, mke wako hapa ni nani?"

Ndivyo Mwanarusi alivyopiga kelele uani kwake, mtaa wa Shika Adabu, Likoni, asubuhi moja mwaka ule wa kungojea Uhuru. Mumewe alikuwa amechutama mbele ya banda, akibadilisha maji ya chatu, mgongo amempa mkewe.

"Mke ni wewe. Huyu ni amana."

"Amana! Amana gani huamkiwa kabla ya mwenye nyumba?"

Na hapo hakusema uongo. Ua wangu na wao umetengwa na uzio wa fito tu, na macho ninayo. Mwinyihaji akitoka msikitini alfajiri alikwenda bandani kwanza, ndipo akaingia ndani kuuliza chai.

Ili umwelewe Mwanarusi, ujue kwanza alikotoka. Baba yake, mzee mmoja wa Mtongwe, alikuwa na wake watatu, na mama yake ndiye aliyekuwa wa katikati, yule asiyetukuzwa kwa ukubwa wala kudekezwa kwa udogo. Mwanarusi alikua akimwona mamake akipika vizuri siku ya zamu yake, kisha baba hatokei. Basi alipoposwa na Mwinyihaji, mtunza bustani, alitoa sharti moja tu: asiletewe mke mwenza. Mahari wamalizane wenyewe wazee. Mwinyihaji akakubali, na miaka mingi akatimiza. Mwanarusi akasuka makuti yake ya kuuza, akatembea mtaani kifua mbele, na sisi wenye wake wenza akatuonea huruma, huruma ile ya kuudhi.

Kisha Wazungu wakaanza kufunga masanduku. Kila mtumishi Likoni akarithi kitu. Mume wa Dhahabu, jirani yetu wa nyuma, alikuja na cherahani ya miguu, na mwezi haukwisha Dhahabu akawa fundi, hasalimiki. Mwinyihaji naye akaambiwa na bwana wake achague: kabati la vioo, au chatu aliyefugwa pale tangu akiwa mwembamba kama kamba ya ndoo. Akachagua chatu. Jike, mrefu kupita kitanda, mnene kama paja la mtu mzima.

"Kabati litapata mwenyewe," alisema. "Huyu nikimwacha watampiga risasi, au watamwachia msituni akala mbuzi za watu."

Nimpe haki yake: alimtunza kwa adabu. Kabla hajamleta alipita nyumba kwa nyumba, hasa zenye watoto wadogo, akaomba ridhaa. Banda alilijenga kwa waya mnene, komeo mbili na kufuli. Akatualika tuvute wenyewe tuone kama litafunguka. Hakumpa chakula kilicho hai, wala hakumgusa akishashiba. Maji aliyapitishia kitundu cha chini, na mlango haukufunguliwa na mtu mmoja. Alimwita Karisa, mkwezi wa minazi, asimame na fimbo na gunia. Chatu si paka, alisema, hakujui wala hakupendi, ukisahau hayo ndipo anapokuua.

"Mimi aliponioa hakupita hata nyumba moja," Mwanarusi akaniambia.

"Wewe hukuhitaji kufuli, shoga."

"Ndiyo kosa langu."

Juu ya hayo siku moja panya wa kumlisha walikosekana, na Mwinyihaji akachukua kuku wa Mwanarusi, mtagaji, akamchinja akamtupia chatu. Aliahidi atamlipa. Loo! Mwanarusi akaja kwangu moja kwa moja. Mimi alinieleza mambo yote: kwamba mwanamke mwenziwe angemshinda kwa upishi, kwa udi, kwa ulimi, lakini huyu hana hata kope za kupepesa, atashindana naye kwa nini? Alikwenda akasimama mbele ya waya akamkazia macho, akamwambia, "Inshallah upofuke."

Nilimwambia aombe msamaha kwa Mungu. Akasonya.

Ikafika habari ya msiba wa Msambweni: shangazi yake Mwinyihaji amefariki. Akaondoka, akamwachia mkewe ufunguo na maneno: "Maji tu. Chakula keshakula. Usifungue peke yako." Hata hakumuuliza atakula nini yeye, na hilo likaongezwa kwenye hesabu.

Sasa sikiliza. Mwinyihaji alikuwa bado hajarudi, Mwanarusi akanijia mbio, leso imemshuka begani.

"Njoo utazame. Amepofuka."

Tukaenda. Chatu alikuwa amejikunja pembeni, rangi yake ile ya kung'aa imekufa, imekuwa majivu. Na macho, wallahi, meupe, ya maziwa, kama ya bibi kizee mwenye mtoto wa jicho. Gamba la nyoka kila mtu amelikuta kichakani. Macho ya nyoka nani amekwenda kuyachungulia?

"Ni kijicho changu," Mwanarusi akasema. "Mwinyihaji akirudi atasema nini? Atasema nimemwua. Na kweli nimemwua. Ataniacha, na haki atakuwa nayo."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa akitaka chatu afe. Alitaka kutazamwa alfajiri.

Dawa ya jicho twaijua sote: aliyelitia hutawadha, na maji yaliyomwosha akamwagiwa aliyepatwa. Mwanarusi akaleta karai. Akaosha mikono, uso na miguu, huku akilia na kumtukana chatu kwa sauti ndogo. Kisha akatoa ufunguo.

"Umerogwa?" nikamshika mkono. "Mimi si Karisa."

"Lazima yamfikie kichwani."

"Yatafika. Hakuna aliyesema umkumbatie."

Tukamwagia juu ya waya, kata kwa kata. Chatu akatoa sauti kama tairi linalopungua upepo, nasi tukaruka nyuma, karai nusura limwagike. Mwanarusi hakuridhika. Kutwa alitawadha na kumwaga, na siku zilizofuata vilevile, mpaka simiti ikawa haikauki, na chatu kichwa amekificha ndani ya mikunjo yake.

Mwinyihaji alirejea matanga yalipokwisha, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa uani mwangu naanika dagaa, na sitasema kwamba sikusikiliza. Mkewe hakumpa nafasi ya kuketi.

"Nimemtia jicho bibi yako. Nilimwapiza akapofuka. Fanya utakavyo."

Mwinyihaji akenda bandani. Kisha akamwita.

Chatu alikuwa amelala mpya, madoadoa yanawaka, macho meusi safi. Kando yake gamba zima, limegeuka nje ndani kama soksi, na pale kwenye macho vigamba viwili vidogo vya kioo.

"Hakupofuka. Hubadili mpaka ngozi ya macho. Akikosa maji ngozi hunasa, akaumwa. Umemfaa kweli."

"Kwa hiyo si kijicho changu?"

"Si chako."

"Basi nimeoga mara zote zile kwa ajili ya joka linalobadili nguo!"

Mwinyihaji akacheka, kisha kicheko kikamkatika. Alimtazama mkewe, mikono yake iliyotota, macho yaliyovimba. "Wewe ulifikiri kijicho chako kina nguvu hivyo? Kumbe nimekukera hivyo."

Jicho la Mwanarusi lilikuwa limeanguka chini, kwenye mzigo alioutua mumewe. Palikuwa na kuku, miguu imefungwa kwa ukindu.

"Umemletea yeye," akasema.

"Wako huyo. Nadaiwa."

Akainama, akamgeuza kuku, akampapasa tumbo kuhakikisha kwamba ni mtagaji kweli. Alikuwa mtagaji. Akamfungua miguu, akaingia naye ndani, na Mwinyihaji akamfuata, banda akalipa mgongo.