Kidole Kina Fidia, Akili Haina

Kaka yangu alifukiwa na kifusi shimoni, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, akatolewa siku ya pili bila hata mchubuko. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Angekatika kidole, ofisi ya machimbo ingemlipa. Sheria ilikijua kidole, ilijua jicho, ilijua mguu. Mtu aliyeacha kusema, anayejikunyata wingu likipita mbele ya jua, haikumjua.

Walikubali tu kugharimia matibabu yake katika hospitali ya misheni. Dawa zilimlaza. Aliyemwamsha ni nesi mmoja mzee, aliyewapa wagonjwa wa aina yake kazi za mikono: huyu bustani, yule ufinyanzi, kaka yangu katani, asokote kamba za kuwambia vitanda.

Miezi miwili baadaye nilimkuta barazani mwa wodi, katani imemjaa mapajani. Mgonjwa wa jirani, Msumbwa wa Ushirombo, alikuwa akimchokoza kwa utani.

"We Msukuma, sokota nyembamba! Hicho ni kitanda, hufungi fahali!"

Kaka hakuinua kichwa. "Kwa mnavyokoroma Wasumbwa, kitanda lazima kifungwe."

Nilikwenda nyuma ya wodi nikalia. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza tangu shimoni.

Nesi alisema asiondolewe kabla ya mavuno. Mikono imetangulia, akili inafuata nyuma polepole. Kibali cha ofisi cha kulipia matibabu kilikuwa kinakwisha, basi mama akaamua kwenda kuomba kiongezwe. Kwetu huendi kuomba mikono mitupu. Mama akabeba kamba ya kaka, nzuri kuliko zote, iwe shukrani. Mimi nilifuatana naye kumtafsiria, maana alijua Kisukuma tu.

"Mwangaluka, baba," mama alimsalimu karani, akipiga goti kwa mtu aliyelingana na kitindamimba wake.

Karani hakuitikia. Aliivuta kamba kwa mikono miwili. "Nani kasokota?"

"Mwanangu," mama akasema, nami nikatafsiri. Mama akazidi kusifu, nami nikazidi kutafsiri, kwa Kiswahili changu kizuri cha shule: anasokota kutwa, hachoki, mikono haitetemeki tena.

"Basi kapona," karani akasema. "Jumatatu arudi shimoni."

"Hiyo kamba ndiyo dawa yake, bwana. Bado anatibiwa."

"Dada, mimi nalipia vidonge na sindano. Silipii watu kusuka hospitalini. Wangekuja wote!" Wenzake wakacheka.

Mama akaniuliza amesema nini. Nilishindwa kumwambia mpaka tulipofika nje.

Jumatatu kaka alisimama kwenye mdomo wa shimo mpaka saa nne, kofia mkononi, suruali imelowa. Hakushuka. Karani akaandika kwamba amekataa kazi, na kwa mstari huo mmoja wa wino kazi ikafutwa pamoja na matibabu.

Watu huniambia niandike juu ya mapenzi, juu ya mwezi. Nitaandika. Lakini kwanza nataka ijulikane kwamba tulikuwa na dawa, tuliiona ikifanya kazi kwa macho yetu, na mtu mwenye kalamu akaichukua ikawa ushahidi dhidi ya mgonjwa. Na kinywa kilichompa ushahidi huo ni changu.

Sasa yuko nyumbani. Asubuhi wifi yangu humpa karanga abangue. Zinamwagika, naye wifi anaziokota moja moja, anamrudishia kiganjani.